Maboksi Manne Ndani ya Kompyuta Moja

Niwataje wote waliokuwamo chumbani siku ile, kwa sababu karibu wote wako hai na wanasoma, na sitaki mmoja aje kusema nimemsahau au nimemwongezea. Alikuwapo Senge Rodah, dada yake marehemu baba, ameketi ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Alikuwapo Baba Njeri, jirani yetu wa zamani, amekalia mtungi wa plastiki wa maji kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na alikataa kukikalia mbele ya mama mgeni. Nafula, mdogo wangu wa miaka kumi na mitano, alikuwa amesimama kando ya pazia lililogawa chumba, ncha ya pazia iko mdomoni. Simiyu, wa miaka kumi na miwili, alikuwa sakafuni anajifanya anafunga kamba za viatu. Nanjala, kitinda mimba wetu, wa darasa la pili, alikuwa amemkumbatia kuku ambaye Senge alikuja naye kutoka Kitale, miguu imefungwa. Na mimi Wekesa, mkubwa wao, miaka kumi na tisa, nyusi bado nyeupe kwa unga wa kazini. Juu ya meza ilikuwa kompyuta, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama televisheni ya watu wenye heshima zao.

"Fungua boksi ya Nafula," Senge aliniambia. "Fungua saa hii nione kile anaficha. Ama kesho asubuhi naenda na yeye Kitale."

Hakupandisha sauti. Senge hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alikuwa mtu wa kukata tiketi.

Nitarudi hapo. Lakini kijana wa leo akisikia boksi ndani ya kompyuta atadhani mzee amechanganyikiwa, kwa hiyo inanibidi nianzie Makongeni.

Sisi tuliokulia Makongeni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, tuliamshwa na honi ya treni kabla ya jogoo yeyote. Baba alitoka na ovaroli ya buluu iliyonukia grisi, akarudi na ovaroli ileile ikinukia zaidi, na sisi tulimkimbilia na kuing'ang'ania hadi mama akapiga kelele kuhusu sare za shule. Tulicheza bano, zile gololi za kioo, mpaka vidole vikaota sugu. Tulicheza kati, wa pembeni wakikulenga kwa mpira wa karatasi za nailoni, na aliyepigwa mgongoni alilia kwa siri maana kulia hadharani kulikuwa kujiaibisha. Wasichana waliruka blada, kamba ya mpira, wavulana tukajifanya hatutaki kuruka, kisha tukaruka. Jioni uwanja mzima ulinuka sukumawiki inayokaangwa, na kila mama alimwita mwanawe kwa mlio wake, ukijua wa kwenu hata ukiwa mbali. Ngumu, yale maandazi makavu ya dukani, zilikuwa ngumu kweli. Ukimtupia mbwa, anakuangalia kwanza. Watoto wangu leo wakiona mkate una ukingo mkavu wanauliza kama utawaumiza tumbo.

Nyumba zetu zilikuwa ndogo na watu walikuwa wengi. Hakuna mtoto aliyekuwa na kitu cha kuita "chumba changu". Lakini mama yetu alikuwa na sheria moja ambayo sijaikuta kwa mtu mwingine. Chini ya kitanda, kila mtoto alikuwa na boksi lake la karatasi ngumu kutoka dukani. Langu lilikuwa la mafuta ya kupikia, la Nafula la sabuni, na la Simiyu la biskuti, ambalo alilichagua kwa sababu ya harufu. Humo uliweka chochote: bano, vifuniko vya soda, barua, mfupa ukitaka. Na hakuna mtu, hata mkubwa, aliyeruhusiwa kufungua boksi la mwenzake bila kusema "hodi boksi" na kungoja jibu.

"Sufuria ni moja," mama alikuwa akisema, "lakini boksi ni ya mwenyewe."

Siku moja baba alihitaji penseli. Nilikuwa na miaka minane. Mtu mzima yule, na ovaroli yake, alipiga magoti kando ya kitanda akasema, "Hodi boksi, bwana Wekesa. Niazime penseli." Nilijiona kama mwenye ploti anayebembelezwa na mpangaji. Nilimwazima, na jioni aliirudisha ikiwa imechongwa. Baba aliacha vitu vichache alipofariki, lakini siku ile haijawahi kunitoka.

Mama alitangulia, nikiwa darasa la nane. Baba alimfuata nikiwa kidato cha pili. Baada ya mazishi, wakubwa walikaa chini ya turubai wakatugawa: Nafula aende kwa Senge Kitale, Simiyu kwa ba'mdogo, Nanjala kwa wajomba, upande wa mama, na mimi nirudi shule nikae kwa yeyote atakayenipokea. Hawakuwa watu wabaya. Ndivyo mzigo unavyobebwa, kila mtu anashika pembe yake. Lakini nilisimama, nikasema, "Hatugawanywi."

Senge akaniuliza, "Utawalisha nini, wewe mtoto?"

"Unga," nikasema.

Watu wakacheka kidogo, kilio kilikuwa kimewachosha. Mimi sikuwa nimefanya mzaha. Jumatatu iliyofuata nilikuwa kwenye kisiagi, nasaga mahindi ya watu.

Nyumba ya kazi humfuata mwenye kazi, kwa hiyo Makongeni tuliiacha. Tulihamia Mowlem, chumba kimoja, pazia katikati. Wasichana upande wa dirisha, wavulana upande wa mlango. Sikurudi shule. Kazi ya kisiagi mchana kutwa ni mlio. Unafika nyumbani na mashine bado inasaga kichwani. Ilifika mahali ningeweza kukwambia mtu ametoka wapi kwa kuangalia debe lake tu. Wa kwetu magharibi walileta mahindi yamechanganywa na mtama na muhogo. Wa kutoka kati walitaka unga mweupe pe, ukiwaachia chembe ya kumvi wanakurudishia. Na unga ulinifuata kila mahali, masikioni, mifukoni, chini ya kucha. Nanjala alikuwa akinipangusa nyusi kwa kanga kabla hajakubali nimshike.

Baba Njeri ndiye aliyetuletea kompyuta. Alikuwa karani katika ofisi moja mjini, na ofisi ilipobadilisha mashine, aliomba moja kuukuu. Aliileta kwa mkokoteni Jumamosi moja, skrini yenye mgongo mkubwa kama wa mbuzi mwenye mimba, na watoto wa ploti nzima wakaja nyuma yake.

"Kijana yangu," aliniambia akifuta jasho, "hii mashine ni mzee, lakini mzee si mgonjwa. Hawa watoto wasome."

Wiki za kwanza zilikuwa vita. Kompyuta ilikuwa na mlango mmoja, na kila mtu aliingia kwa mlango huo. Asubuhi ukiwasha unakuta picha ya mchezaji mpira, jioni ni picha ya waridi, na Nanjala ameandika herufi n kurasa mbili. Mwenye ploti alisimama mlangoni kila siku akiuliza hicho kitu kinakula stima kiasi gani, na Simiyu akamjibu kwamba kinakula kidogo kuliko pasi yake.

Kisha likatokea la insha. Nafula alikuwa ameandika insha kwa jioni tano, kwa vidole viwili, insha ambayo mwalimu wake angeipeleka kwenye mashindano ya shule. Simiyu akaifungua, akayafuta maneno yote ili apate ukurasa safi wa kuandika kikosi chake cha mpira, akaifunga. Mashine ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo. Ikamuuliza tena. Akabonyeza ndiyo.

"Ulijibu ndiyo mara mbili?" Nafula alilia. "Mara mbili, Simiyu?"

"Si iliniuliza na heshima! Mama alitufunza mkubwa akikuuliza kitu na heshima, unasema ndiyo."

Nafula hakumpiga. Ingekuwa afadhali angempiga. Alikwenda nyuma ya pazia akanyamaza siku mbili, na kunyamaza ndani ya chumba kimoja ni kama moshi, hakuna pa kukwepea. Siku ya pili nikamsikia akimwambia Nanjala kwa sauti ya chini, "Makongeni nilikuwa na boksi. Hapa sina hata kona."

Kesho yake nilimwendea Baba Njeri. Nilimuuliza kama kompyuta inaweza kutiwa maboksi.

Alicheka kwanza, kisha nilipomweleza ya mama akaacha kucheka. Alikuja jioni ile, akaketi, akatengeneza milango minne mahali pa mmoja. Kila mlango una jina, picha ndogo na neno la siri. Ukiingia kwako unakuta vitu vyako tu, picha yako ukutani, barua zako, na vya mwenzako huvioni. Nyinyi wa rika langu mtazikumbuka zile picha. Nanjala alichagua bata wa manjano. Simiyu mpira, nani angemzuia. Nafula ua. Nami nikachukua chura, kwa sababu ndiye aliyebaki. Mkubwa huchagua mwisho. Ndivyo ilivyokuwa kwa blanketi, kwa nyama, na hata kwa picha za kompyuta.

"Sasa sikiza," Baba Njeri aliniambia kando. "Mmoja wenu lazima awe na ufunguo wa nyumba yote. Mtu akisahau neno lake, huyo ndiye atamfungulia. Ni wewe. Lakini ukiwa na ufunguo kama huo, majaribu ni mengi."

Niliwaita wote watatu. Niliweka mkono juu ya sufuria ya mama, ile kubwa ya ugali, nikaapa kwamba ninao uwezo wa kufungua kila boksi na sitafungua la mtu bila yeye kuniambia karibu. Simiyu akauliza, "Na ukisahau kiapo?" Nikamwambia basi asile tena kwenye sufuria ile iliyoapiwa uongo. Akafikiri, akasema, "Hiyo ni adhabu yangu ama yako?"

Toka siku hiyo "hodi boksi" ilirudi. Aliyetaka kupita nyuma ya mtu aliyeketi kwenye kompyuta alisimama hatua mbili, akabisha hodi hewani, akangoja. Wageni walituona kama watu wenye wazimu wa aina moja. Lakini Nafula aliacha kunyamaza. Jioni ungemsikia anaandika tak-tak, ametupa mgongo, na uso wake ukitoka pale ni wa mtu aliyetoka kuoga.

Na mimi nilikuwa na langu. Jumapili alasiri, wadogo wakiwa uwanjani, niliingia kwa chura. Njeri, binti ya Baba Njeri, alikuwa kidato cha tatu, na alikubali kuniazima daftari moja kila wiki bila kuuliza la nini. Nilikuwa na siku moja tu ya kulirudisha, kwa hiyo nilinakili kila kitu: historia, kemia, ramani nilizojaribu kuzichora kwa mausi zikatoka kama mayai yaliyopasuka. Nilitaka siku moja nifanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa nje. Sikumwambia mtu. Kitu ambacho hujakimaliza ukikitaja, watu hukumalizia kwa mdomo. Wengine wangenihurumia, na nilikuwa nimechoka kuhurumiwa. Senge, nilijua, angesema mtu hawezi kulea na kusoma, achague, na kuchagua kwake kungemaanisha watoto wagawanywe.

Kilichonisaliti ni unga. Niliosha mikono hadi viwiko, lakini uliingia katikati ya vitufe, na kibodi yetu ikawa na mstari mweupe kama ukingo wa sufuria.

"Brathe," Simiyu aliniuliza siku moja, ameinama kando ya meza, "chura wako hula ugali?"

"Hodi boksi," nikamwambia.

"Sijaingia! Nimesimama nje nauliza tu."

Basi mwaka wa pili wa kompyuta, mama mmoja wa kanisa letu alimpigia Senge simu. Alimwambia kwamba watoto wa marehemu kaka yake wamewekewa mashine ya mambo machafu, na kwamba yule msichana mkubwa huifunika haraka mgeni akiingia. Senge alipanda basi na kuku wake. Alifika Jumamosi mchana, nikaitwa kutoka kazini. Baba Njeri alikuwa amepita kutusalimia, akakwama hapo.

"Mulembe, Senge," nilimsalimu.

"Mulembe. Keti. Hii kitu mliweka kwa nyumba ni ya nini?"

Nikamweleza masomo. Akamgeukia Nafula. "Na wewe unaandikanga nini huko ndani?"

"Vitu vyangu, Senge."

"Msichana wa miaka kumi na tano ana vitu gani?"

Nafula akaitia ncha ya pazia mdomoni. Ndipo Simiyu, ambaye mdomo wake haukuwa na kizingiti, alitaka kumtetea dada yake. "Senge, hata huwezi kuona. Iko na kufuli. Ni brathe tu anaweza kufungua zote."

Kuku peke yake ndiye aliyekuwa na la kusema.

"Aha," Senge akasema. "Kumbe Wekesa unaweza."

Hapo ndipo aliponiambia nifungue, ama kesho Nafula aende Kitale.

Nilimwangalia Nafula. Sikujua ana nini humo. Niwe mkweli, na mimi nilikuwa na hofu. Niliwahi kuona kijana wa ploti ya pili akimsindikiza hadi bombani. Ufunguo nilikuwa nao kwenye vidole. Ni maneno mawili na kubonyeza. Na kama kulikuwa na jambo baya, je, si ni wajibu wangu kulijua? Yeye hakuniomba. Hakutikisa kichwa. Aliniangalia kama mtu anavyoangalia mawingu kujua kama aanue nguo.

Nikamkumbuka baba akiwa amepiga magoti, anaomba penseli.

"Senge," nikasema, "mimi sifungui."

"Unasema?"

"Sifungui ya Nafula. Nimeapa na sufuria ya mama. Yeye mwenyewe akitaka akufungulie. Asipotaka, hakuna mtu atafungua."

"Rodah, labda tungeongea kwanza..." Baba Njeri alianza.

"Baba Njeri, hii ni damu yangu." Kisha kwangu: "Basi kesho tunaenda na yeye. Nafula, panga nguo."

Nafula aliachia pazia. Akainama kuvuta begi. Hakulia, na hilo ndilo lililonimaliza, jinsi alivyoinama bila kulia, kama mtu aliyekuwa anajua siku zote kwamba maneno yangu ya turubai yalikuwa ya mtoto.

"Senge ngoja," nikasema. "Unataka kujua tunaficha nini hapa. Ya kwake si yangu nikupe. Lakini ya kwangu ni yangu. Nitakufungulia yangu."

Niliondoa kitambaa, nikawasha. Mashine ile ilichukua muda kuamka, ikiguruma. Nikabonyeza chura, nikaandika neno langu la siri mbele ya watu wote, Simiyu ameshanyoosha shingo kama twiga. Nikafungua kila kitu.

Senge hakuwa na miwani yake, kwa hiyo Baba Njeri ndiye aliyesoma. Alisoma historia. Alisoma kemia. Kisha akasimama ghafla, mtungi ukapinduka.

"Lakini hii ni maandishi ya Njeri wangu! Hata mahali amekosea, wewe umekosea hapo hapo!"

Nanjala akacheka, akamwachia kuku. Tulimkimbiza kuku aliyefungwa miguu, akiruka kama mpira chini ya kitanda, na kwa dakika moja hivi hakuna aliyekumbuka Kitale. Alipokamatwa, Senge alikuwa bado amekaa vilevile, anaiangalia skrini asiyoweza kuisoma.

"Na hiyo ndogo hapo chini, imeandikwa nini?" akauliza.

Ilikuwa ratiba yangu. Sikutaka isomwe, lakini nilikuwa nimeshasema nitafungua. Baba Njeri akasoma polepole: "Nafula amalize kidato cha nne. Simiyu amalize. Nanjala amalize. Halafu Wekesa." Mbele ya kila jina kulikuwa na mwaka. Mbele ya langu hakukuwa na kitu.

Senge alisogea mezani. Aliinua mkono, akapitisha kidole kwenye vitufe, akakiangalia. Kilikuwa cheupe.

"Wewe ni wa mwisho kwa hii orodha," akasema.

"Ndiyo, Senge."

"Na utamaliza? Ama ni maandishi tu?"

"Nitamaliza."

"Usiniambie na mdomo. Mdomo hata kasuku anao." Akafungua mkoba, akaufunga tena, bila kutoa kitu. "Nafula atabaki. Simiyu atabaki. Huyu wa kuku atabaki. Nimekuachia hii nyumba yote, na nikifika kule kwa kaka yangu ni mimi nitaulizwa. Kwa hivyo ni deni. Mtihani ukifanya, karatasi yenyewe ya cheti unaniletea mimi, kwa mkono, nitundike kwa ukuta yangu. Umesikia? Si picha. Karatasi."

"Nimesikia, Senge."

"Simiyu, kata huyo kuku kabla atoroke tena."

Jioni ile kulitokea jambo ambalo watu wa kwetu watalielewa upesi. Kwetu firigisi, imondo, haiguswi na yeyote ila mwenye nyumba. Tangu baba afe, tulikuwa tukiikata vipande vinne, kwa sababu hakuna aliyejua ni ya nani. Senge alipakua mwenyewe. Aliizungusha imondo na kijiko, nzima, akaiweka kwenye sahani yangu, akaendelea kupakua sukuma kana kwamba hajafanya lolote. Simiyu alifungua mdomo. Nafula akamkanyaga.

Ratiba ile ilifuatwa. Nafula alimaliza, leo ni muuguzi. Simiyu alimaliza kwa shida, lakini alimaliza, na sasa anatengeneza simu, yeye aliyekuwa akibonyeza ndiyo kwa kila swali. Kompyuta ilipokufa kabisa, yeye ndiye aliyeifungua kifua ili kuokoa vitu vyetu, naye hakugusa boksi la mtu kabla hajatupigia simu mmoja mmoja: "Hodi boksi. Kuja utoe vitu zako." Nafula alikuja na basi la asubuhi, akatoa vyake, akaondoka navyo. Siku ya harusi yake, nilipokuwa nikimsindikiza, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kweli hukuwahi kufungua? Hata siku moja?"

"Sikuwahi."

Akanishika mkono kwa nguvu, tukaingia kanisani. Hadi leo sijui alikuwa akiandika nini. Sihitaji.

Leo naishi Tassia na mke wangu na watoto wawili, na kisiagi kidogo ni changu mwenyewe. Watoto wetu wana kufuli kila mahali. Simu inafunguka kwa kidole, nyingine kwa uso. Mwanangu akiamka amevimba macho haimtambui, inabidi anawe kwanza ndipo simu yake imkubali. Wana kufuli, lakini chakula walichokula mchana wamekionyesha dunia nzima kabla hakijapoa. Sisi tulikuwa na boksi la karatasi ngumu lisilo na kufuli, na lilifungwa vizuri zaidi, kwa sababu lililolifunga ni neno la mtu. Sisemi enzi zetu zilikuwa bora kwa kila kitu. Tulikula ngumu. Lakini kubisha hodi tulijua.

Kwenye kompyuta ya nyumbani, ya kukunja hii, tuko wanne tena: mke wangu, watoto, na mimi. Kila mtu na mlango wake. Zile picha za zamani hazipo, kwa hiyo binti yangu alinichorea chura kwa mkono, akampiga picha, akamweka kwangu. Hafanani na chura sana. Anafanana na mimi nikiwa na unga. Binti huyo yuko kidato cha tatu, na sasa madaftari naazimwa na yeye. Akitaka kupita nyuma yangu Jumapili husimama hatua mbili. "Hodi boksi, Baba." Ninamfundisha bado kungoja jibu.

Nanjala alimaliza shule zamani, na zamu yangu ilifika. Nilijiandikisha mara moja, na wiki ya mtihani mota ya kisiagi ikaungua. Nilichagua mota, kwa sababu karo ya mtoto ilikuwa inatoka hapo. Mwaka uliofuata kulikuwa na jambo jingine. Sina haja ya kuyataja yote. Mwaka huu nimejiandikisha tena, na kisiagi nimemwachia mtu wa kukishika. Kemia ninaiweza. Hesabu bado inanipiga chenga, lakini mimi ni mtu wa kurudia.

Senge amezeeka. Haoni vizuri na miguu imemkataa, lakini kila mwisho wa mwezi hunipigia simu. Hanisalimu kwa muda mrefu. Ananiambia ule msumari wa kutundikia karatasi bado uko ukutani, sebuleni kwake Kitale. Aliupigilia wiki ileile aliyorudi kutoka Mowlem, na tangu siku hiyo amekataza mtu kutundika kitu hapo, hata kalenda. Nyumba imepakwa rangi mara tatu, na mara zote tatu fundi wa rangi ameambiwa auzunguke.

"Wekesa," huniuliza, "karatasi yangu iko wapi?"

"Iko njiani, Senge."

"Basi harakisha. Mimi na huu msumari tumeanza kushika kutu."